Bango au bando? Hela ya matangazo ya biashara ndogo Dodoma iende wapi

Mtoto wa kaka yangu amepata fremu Nkuhungu, anataka kutengeneza makochi. Alikuja nyumbani Jumapili, na kabla chai haijapoa akatoa lililomleta: "Shangazi, nimebakiwa na laki na nusu ya kujitangaza. Nichore bango au niingie mitandaoni?"

Nilimwambia anywe chai kwanza. Swali hilo limenisumbua miaka mingi na mimi. Nauza mafuta ya alizeti na karanga za kusaga. Mdogo wangu anaoka keki kule Ilazo. Kati yetu wawili tumejaribu bango, spika, redio, Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp. Zote zimekula hela yetu. Zilizorudisha ni chache, na cha ajabu, zilizorudisha kwangu sizo zilizorudisha kwake.

Mteja ni mwenyeji au amehamishiwa?

Wengi huanza kulinganisha mitandao kabla hawajamwangalia mnunuzi. Dodoma ina watu wa aina mbili, na hawatafuti vitu kwa njia moja. Yupo mwenyeji wa Chang'ombe, Kikuyu au Majengo. Huyu akitaka kitu anauliza: anamuuliza jirani, anamuuliza mwenzake wa kikoba, anamuuliza bodaboda anayempeleka kazini. Halafu yupo aliyekuja na barua ya uhamisho. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, watu hawa hawaishi kushuka. Leo ni wa wizara pale Mtumba, kesho ni mhadhiri wa UDOM. Wengine wameacha familia Dar es Salaam wamekuja na begi moja, na wakishapanga nyumba ndipo wanagundua hawana hata pa kukalia. Mtu huyo hana jirani anayemjua kwa jina. Anaiuliza simu.

Sasa weka biashara zetu tatu hapo. Mafuta yangu hununuliwa tena na tena, kila mwezi, na anayeanza kununua mara nyingi ni mwenyeji. Keki huagizwa kwa shughuli: kipaimara, send-off, siku ya kuzaliwa, na huchaguliwa kwa macho. Kochi hununuliwa mara moja baada ya miaka, tena na mtu anayeanza maisha mahali papya. Ukimpa kila mmoja wetu laki na nusu ukasema tuitumie kwa njia moja, wawili wataipoteza.

Bango, spika na mnada

Bango lina heshima yake. Unamlipa mchoraji mara moja, unalipa ushuru wa halmashauri (usijifanye huujui, watakuja), kisha linakufanyia kazi usiku na mchana bila kuomba bando. Adui yake hapa ni jua. Rangi nyekundu ndiyo hufa kwanza. Langu lilipofika mwaka wa pili lilisomeka "MAFUTA SAFI YA" basi, maana neno alizeti lilikuwa limeandikwa kwa nyekundu. Wakaanza kuja watoto na chupa wametumwa mafuta ya taa.

Tatizo lake jingine ni zito zaidi: bango linazungumza na anayepita tu, na mahali lilipo si pako. Wamachinga walipopelekwa kwenye soko la wazi la barabara ya Bahi, jirani yangu mmoja muuza viatu vya mtumba alianza moja, kama mgeni mjini. Mwenzake wa meza ya pili alikuwa ameandika namba za wateja. Aliwatumia ujumbe mmoja kwamba amehamia huku, wakamfuata. Kuanzia siku hiyo na mimi nikaanza kuandika namba za watu, kwanza kwenye daftari, baadaye kwenye simu.

Kwa kitu cha kuliwa, mimi bado naapa kwa mnada. Jumamosi niko Msalato. Naweka kibakuli cha mafuta na vipande vya chapati. Mtu anachovya, ananusa, anaonja, ananiangalia usoni kama namdanganya. Hakuna picha inayoweza kunusishwa. Wateja wangu wanaochukua dumu la lita 20 kila mwezi, wengi wao nilianza nao kwenye kibakuli hicho, na baadaye ndipo tukawa watu wa simu. Spika ya kuchaji, ile inayorudia maneno yale yale kutwa, inafaa mnadani ambako kila mtu anapiga kelele. Ukiiwasha mtaani kwako unajitafutia maadui.

Redio niliwahi kulipia pamoja na wenzangu wawili tukachangia. Iliwafikia watu wa Bahi na Chamwino ambao mtandao hauwafikishii kitu, na mwenzetu muuza mbegu alifaidi kweli. Mimi sikuona tofauti. Tangazo likishasemwa limekwenda na upepo.

WhatsApp ndiyo inayonilisha

Mtu akishanunua mara moja, ndipo bando linaanza kulipa. Hili ndilo watu wanaloligeuza kichwa chini: wanaingia mitandaoni kutafuta wageni wasiowajua, huku waliokwisha kununua wanawaacha wasahau. Kwa biashara kama yangu, mtandao ni wa kumkumbusha yule yule.

Nikimaliza kukamua na kuchuja, narusha stetasi: picha ya madumu, bei ya leo, na saa ambayo bodaboda atazunguka. Stetasi hukaa saa 24 ikapotea, na kwangu hiyo ni sifa. Bei ya mafuta haikai mahali. Mavuno ya alizeti yakianza kuingia, kuanzia Mei hivi, bei hushuka; ukifika Januari na Februari mbegu zimeadimika, bei imepanda. Nilishawahi kuweka bei kwenye Facebook mwezi wa Juni. Februari akaja mtu na ile picha kwenye simu yake, anataka bei ya Juni. Tulibishana mpaka nikamkatia elfu mbili yaishe.

Lakini stetasi yako haionwi na mtu ambaye hajaweka namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza nikimuuzia mtu mpya, kabla hajafunga mfuko, ni kumwambia: "Niandike hapo, Mama Alizeti." Anaandika mbele yangu. Hata ile orodha ya kutumia watu wengi ujumbe mmoja, ambayo mwisho wake ni watu 256, huwafikia waliokuandika tu. Mimi naitumia mara mbili kwa mwezi, tena pale tu bei inaposhuka au mzigo mpya unapoingia. Ukituma "habari za asubuhi, mbarikiwe" kila siku wanakubloki, na wana haki.

Ipo WhatsApp Business, ya bure, ilitoka mwaka 2018. Inakubali katalogi ya hadi bidhaa 500. Mimi ninazo sita na zimenitosha. Ina ujumbe wa kumjibu mteja ukiwa umelala, na ina lebo unazobandika kwenye jina la mtu. Lebo ninayoipenda kuliko zote nimeiandika "ANADAIWA".

Kuna na magrupu: ya ofisi, ya wazazi wa shule, ya mtaa. Usiingie humo na madumu yako. Subiri. Siku moja mtu atauliza, "Jamani nani anajua alizeti isiyochanganywa?" na wateja wako watatu watabandika namba yako kabla hujamaliza kusoma. Huo ni mdomo ule ule wa mtaani, umevaa nguo nyingine. Yule mgeni wa Mtumba asiye na jirani, jirani zake wako humo.

Instagram, TikTok, Facebook

Mdogo wangu hawezi kuishi bila Instagram. Keki ni macho. Bibi harusi haji kuuliza "una keki?", anakuja na skrinishoti, "nataka kama hii ila maua yawe ya zambarau." Ukurasa wake ni albamu, anayetaka kuagiza anaupitia wote, anaona kazi za miaka mitatu, anatulia. Malipo na makubaliano huishia WhatsApp na lipa namba, lakini imani ilipatikana kwenye albamu.

Kosa lake la mwanzo lilikuwa lile la wengi: "Bei njoo inboksi." Watu waliingia inboksi, wakaambiwa bei, wakanyamaza. Alipoanza kuandika bei ya kuanzia chini ya kila picha, maswali yalipungua karibu nusu, na hakuuza pungufu. Waliopungua ni wale waliokuwa wanampotezea muda. Mtumishi anayeishi kwa mshahara anapiga hesabu kabla hajasalimia. Ukimficha bei anadhani humtaki.

TikTok nilijaribu mwenyewe. Asubuhi moja ya Julai, na baridi ya Dodoma ya Julai mnaijua, nilipanga chupa mbili dirishani, moja ya alizeti na moja ya mawese. Ya mawese ilikuwa imeganda nyeupe, yangu inacheza. Nikarekodi, nikasema maneno mawili matatu. Video ile ilionwa na watu wengi kuliko wote walionisikia maishani mwangu. Nikaandikiwa kutoka Mwanza, Tunduma, mpaka Oman. Waliotuma hela walikuwa wawili. Dumu la lita tano kulipandisha basi pale Nzuguni lina nauli yake, na likivuja juu ya begi la mtu lina kesi yake. Ukijumlisha, mnunuzi wa Mwanza anaona bora anunue ya kwao.

Siilaumu TikTok. Nguvu yake ni kukuonyesha kwa watu ambao hawakufuati wala hawajawahi kukusikia, jambo ambalo WhatsApp haifanyi. Ila nguvu hiyo inafaa bidhaa nyepesi inayosafiri: zabibu kavu, vikapu, ubuyu, nguo. Kwa mzigo mzito unaouzwa mji mmoja, unapata sifa mikoa mitano na kuuza madumu mawili.

Facebook vijana wanaicheka, ni mtandao wa wazee. Sawa, ila wazee ndio wenye hela ya kununua makochi. Magrupu ya kuuza na kununua yapo na yana watu. Tena ukilipia tangazo unaweza kuliwekea mipaka, lionwe na walio karibu na mji huu tu. Nasisitiza mipaka kwa sababu mara ya kwanza nililipia nikaacha nchi nzima. Hela yangu ikaliwa na watu wa Kahama na Songea, watu wema sana, waliniuliza bei na kunitakia heri. Malipo hayo yanataka kadi: ya benki, au ile ya mtandaoni inayotolewa kupitia pesa za simu.

X, ile iliyokuwa Twitter, ilizuiwa nchini Mei 2025, na hata kabla ya hapo ilikuwa ya siasa. Sikuwahi kuuzia mtu dumu humo.

Bure iliyo ghali

Kijana wangu alidhani mitandao ni bure na bango ndilo la gharama. Nikampigia simu shangazi yake mdogo aseme mwenyewe. Akasema yeye humalizia kuoka saa mbili usiku, kisha hukaa na simu mpaka saa nne anajibu. Ukichelewa kujibu nusu saa, mteja kashaandikia mwingine. Hujapumzika, hujalala, na siku ya Jumapili hawajui kama ni Jumapili. Bango halikuulizi kitu. Kama duka lako lina mtu mmoja tu, na ni wewe, hizo saa mbili ni gharama, ziandike kwenye hesabu kama unavyoandika bando.

Halafu kuna picha. Nilimwonya kijana hasa juu ya hili, maana kwenye biashara ya makochi ndiko ugonjwa ulipo. Fundi anachukua picha ya kochi la Uturuki, anaandika "oda zinaendelea". Mteja analipa nusu, anasubiri mwezi, analetewa kitu kinachofanana na lile la kwenye picha kama binamu wa mbali. Mwisho wao ni kwa mjumbe, na grupu zima la ofisi linajua. Piga picha ya kazi yako, hata kama ni kochi moja. Na ukitaka kulipiga likiwa sebuleni kwa mteja, muombe ruhusa kabla hujairusha. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, sebule ya mtu ni ya mtu.

Siku mtandao unapozima

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita, kwa sababu zote ni za kampuni moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikawa ya kubahatisha siku kadhaa. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ukaja, ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa tena. Mdogo wangu mara hiyo alikuwa na oda zake zote, tarehe, rangi, majina ya kuandika juu ya keki, ndani ya mazungumzo ya simu yasiyoweza kupokea wala kutuma neno. Mimi daftari langu lilikuwa juu ya meza. Tangu hapo na yeye ana daftari, lina unga kila ukurasa.

Wezi nao wapo. Alinipigia mtu mwenye sauti ya upole, akasema ametuma kwa bahati mbaya tarakimu sita kwenye simu yangu, nimsomee. Nikamsomea. Ndani ya dakika chache WhatsApp yangu ilikuwa yake, na wateja wangu wanaombwa hela "Mama Alizeti amepata dharura, tuma na ya kutolea." Mmoja alituma. Nilimlipa kwa mafuta, lita kumi, na aibu niliyoiona siwezi kuipima kwa lita. Weka uthibitisho wa hatua mbili leo. Ni namba ya siri ya ziada, unaiweka mwenyewe kwenye mipangilio, haichukui dakika mbili.

Laki na nusu

Tulipiga hesabu nyuma ya risiti. Angekuwa anauza mafuta kama mimi, ningemwambia hela yote aipeleke Msalato kwa kibakuli na chapati, kisha akusanye namba. Angekuwa wa keki, ningesema taa nzuri ya kupigia picha, bando, na subira. Lakini kochi hununuliwa na mgeni mwenye simu, kwa hiyo kwake mtandao unastahili hela kuliko ulivyostahili kwangu.

Elfu hamsini, bango dogo, lenye namba ya simu kubwa kuliko jina, na hakuna rangi nyekundu. Mteja akishaona picha bado anatakiwa aifikie fremu, na Nkuhungu ile, hata baada ya kuwekewa anwani za makazi, mtu anaelekezwa kwa "shuka pale penye mti, ulizia." Fremu yenyewe aiweke kwenye ramani ya Google, hiyo ni bure, na mgeni akiandika "makochi Dodoma" ndiko anakoanzia. Elfu ishirini ya bando mwezi wa kwanza. Elfu arobaini ya tangazo la Facebook na Instagram, ndani ya mipaka ya mji, lakini asiiguse kwanza: asubiri awe na picha nne za kazi yake mwenyewe, na alirushe mwisho wa mwezi mishahara ikitoka. Elfu arobaini iliyobaki ni ya guta la kuwapelekea wateja wa kwanza bila kuwatoza, kwa sharti kwamba wamwandike kwenye simu zao mbele yake.

Alikunja ile risiti akaitia mfukoni. "Kwa hiyo kesho naanza na lipi, Shangazi?"

"Kesho tengeneza kochi moja. Litoe nje saa tatu asubuhi kabla jua halijawa kali, ulipige picha."

Akakuna kichwa. Mbao anazo, alisema, sponji anayo. Kitambaa bado hajanunua.

Nikamwomba ile risiti, nikafuta elfu arobaini ya tangazo.